Namba moja au namba ya kila saa? Njia za kuamua laini ya umeme ibebe mkondo kiasi gani

Muulize mtu wa chumba cha udhibiti wa gridi laini fulani ya kilovolti 132 inabeba kiasi gani. Atakutajia namba moja bila kufungua kitabu. Namba hiyo iko kwenye skrini yake, relei (vifaa vinavyokata laini ikizidiwa) zimepangwa kuifuata, na huenda imemzidi umri. Sasa muulize namba hiyo ni ya saa ngapi, ya mwezi gani, na ya upepo upi. Atakuangalia kama mtu aliyeuliza kilo ya sukari ina uzito gani mvua ikinyesha.

Lakini swali lina maana, na nchi kadhaa zimekwisha kulijibu kwa namna tofauti. Kuna wanaobaki na namba moja mwaka mzima, wanaobadilisha kwa msimu, wanaobadilisha kila saa kwa joto la hewa, wanaofunga vihisio kwenye waya wenyewe, na wanaosema basi, tubadilishe waya. Makala hii inazipanga njia hizo bega kwa bega kwa ajili ya mhandisi au mpanga bajeti wa Afrika Mashariki. Nasema mapema nilikofika: huku kwetu joto la hewa, ambalo kila mtu hulifikiria kwanza, ndilo lenye uzito mdogo. Mwenye laini ni upepo.

Waya unaogopa nini

Waya wa hewani hauna kikomo cha ampea. Una kikomo cha joto, na ampea ni hesabu tu ya mkondo utakaoufikisha kwenye joto hilo. Mkondo unaupasha waya kwa sababu ya ukinzani, na upashaji huo hukua kwa mraba: mkondo ukiwa mara mbili, joto linalozalishwa linakuwa mara nne. Jua linaongeza lake. Upande wa pili, upepo unachukua joto na kwenda nalo, na waya wenyewe unanururisha jingine angani. Kinachoingia kikilingana na kinachotoka, joto la waya linasimama hapo. Mzigo au hewa ikibadilika, waya huchukua kama dakika 10 hadi 15 kukaribia joto lake jipya.

Hatari ya kwanza ya joto ni waya kulegea, kabla hata ya kufikiria kuungua. Chukua nafasi ya mita 300 kati ya mnara na mnara, waya wa alumini wenye moyo wa chuma, tumbo lake likiwa limeshuka mita 6. Joto lake likipanda nyuzi 40, waya unarefuka sentimita 21 tu hivi. Sentimita hizo 21 zinalishusha tumbo zaidi ya mita moja. Mita hiyo ndiyo iliyokuwa kati ya waya na mti wa mwarobaini, au kati ya waya na lori lililojaza magunia ya mkaa kupita kiasi. Hatari ya pili huja karibu na nyuzi 100, ambapo alumini huanza kulainika na kupoteza nguvu yake, na ikipoa nguvu hiyo hairudi.

Kwa hiyo mwenye laini huchagua joto la juu, mara nyingi nyuzi 75 au 80, kisha anajiuliza: mkondo gani utalifikisha? Hapo ndipo hali ya hewa inapoingia, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Laini moja, siku kumi tofauti

Ili tusizungumze hewani, nimepiga hesabu ya waya mmoja kwa fomula za IEEE 738, mwongozo wa chama cha wahandisi wa umeme, ambazo wahandisi wengi wanazitumia. Nimechagua Lynx, kipenyo milimita 19.5, mmoja wa wale wanyama ambao Waingereza walizipa nyaya zao majina yao, na ambao mafundi wa laini wanawajua kuliko wanavyowajua wa Serengeti: Rabbit, Dog, Wolf, Lynx, Bison. (Wamarekani waliziita nyaya zao majina ya ndege, ndiyo maana kwenye bohari moja unakuta Hawk na Wolf wamelala pamoja.) Waya ni wa zamani, umeshika weusi, uko usawa wa bahari, na kikomo chake ni nyuzi 75. Namba nimezisogeza kwenye kumi iliyo karibu.

| Hali ya hewa | Ampea |
|---|---|
| Mchana, nyuzi 35, jua kali, upepo wa mita 0.6 kwa sekunde ukiukata waya | 480 |
| Hivyohivyo, upepo uleule lakini ukiukata mshazari, kwa pembe ya nyuzi 45 | 450 |
| Hivyohivyo, shwari kabisa | 320 |
| Hivyohivyo, upepo wa mita 2 ukiukata waya | 660 |
| Hivyohivyo, upepo wa mita 2 ukiufuata waya | 410 |
| Hivyohivyo, upepo wa mita 5 ukiukata waya | 870 |
| Mchana, nyuzi 25, jua kali, upepo wa mita 0.6 | 560 |
| Usiku, nyuzi 35, upepo wa mita 0.6 | 560 |
| Usiku, nyuzi 25, upepo wa mita 0.6 | 620 |
| Usiku, nyuzi 25, shwari kabisa | 480 |

Itazame polepole. Mstari wa kwanza ndio unaofanana na namba ya kwenye skrini: mchana wa joto, jua la utosi, na upepo mdogo ambao mtu hausikii usoni. Kwa kilovolti 132, ampea hizo 480 ni kama megawati 100. Kupunguza joto la hewa kwa nyuzi 10 nzima kunakupa ampea 80. Kuondoa jua kunakupa zilezile 80. Lakini upepo ukitoka 0.6 kwenda mita 2, ambao ni upepo wa kupepesa majani tu, unapata 180. Ukifika mita 5, laini iko karibu na maradufu. Na upepo ukikatika kabisa, unapoteza theluthi ya kile ulichodhani unacho.

Upepo pia unajali pembe. Mita 2 zinazoufuata waya zina faida ndogo kuliko 0.6 zinazoukata. Laini inayotoka kaskazini kwenda kusini kandokando ya pwani na ile inayopanda bara hazipati baraka sawa kutoka kwa kusi hiyohiyo.

Mambo mawili hayamo kwenye jedwali. Mvua hupoza waya sana, lakini hakuna mwenye akili anayeihesabu kwenye kiwango, kwa sababu inanyesha huku na kuacha kule. Na mwinuko: kwenye mita 1,700, usawa wa Nairobi, hewa ni nyepesi na inabeba joto kidogo, kwa hiyo toa kama asilimia 5. Baridi ya kule juu inairudisha hasara hiyo na kuongeza kidogo. Mchana wa nyuzi 25 Nairobi unatoa ampea 530 kwa waya huu.

Namba moja ya mwaka mzima

Hii ndiyo tuliyonayo sehemu nyingi. Sifa yake kubwa ni kwamba haihitaji chochote: hakuna mawasiliano, hakuna programu, hakuna wa kuamka usiku. Relei zinapangwa mara moja. Mipango ya miaka kumi inafanyika juu ya namba isiyotikisika.

Kasoro yake inayosemwa sana ni kwamba inapoteza uwezo, na ni kweli. Saa nyingi za mwaka upepo unazidi mita 0.6. Kasoro isiyosemwa ni kwamba si salama kama inavyodhaniwa. Nimeipigia hesabu laini ileile ikibeba ampea 480 mchana wa nyuzi 35 katika shwari kamili: waya unafika karibu nyuzi 100. Kwa hiyo ile namba ya "usalama" ni kamari, ila ni kamari nzuri, kwa sababu shwari kamili, jua la utosi na mzigo wa juu kabisa havikutani mara kwa mara. Waingereza walikuwa wakweli zaidi hapa. Mwongozo wao wa P27 wa mwaka 1986 unakiri wazi kwamba kiwango ni suala la uwezekano: kuna sehemu ndogo ya muda ambapo waya utazidi joto lake, nao wanachagua sehemu hiyo iwe ndogo kiasi gani.

Wavuvi na manahodha wa pwani yetu walilijua tatizo hili kabla ya transfoma. Kuna kusi, kuna kaskazi, na katikati kuna maleleji, wakati wa tanga mbili, upepo ukiwa haujaamua. Namba moja ya mwaka inapaswa kuwa ya maleleji. Nyingi zimeazimwa tu kutoka kiwango cha Ulaya.

Namba kwa msimu

P27 hiyohiyo inagawa mwaka mara tatu: kiangazi huchukuliwa kuwa na nyuzi 20 za hewa, majira ya kati 9, na baridi 2. Kwa Uingereza ni jambo la busara, hasa kwa vile matumizi yao makubwa huja jioni za baridi, wakati waya nao uko poa.

Dar es Salaam au Mombasa? Joto la mchana kati ya mwezi wa joto na mwezi wa baridi linatofautiana nyuzi tatu au nne. Kwa waya wetu hiyo ni asilimia 5 hivi. Utabadilisha relei, utaandika taratibu, utafundisha watu, kwa asilimia 5. Mimi siioni faida. Nyanda za juu kama Makete, ambako Juni na Julai maji huganda, hesabu inaweza kubadilika, lakini laini zenye kuzidiwa huku kwetu si za huko.

Pale ambapo njia hii ina maana kwa msomaji wa Kiswahili ni Oman na Ghuba. Hewa ya nyuzi 45 inaushusha waya wetu hadi ampea 400. Januari ya nyuzi 25 inaupandisha hadi 560. Tofauti hiyo ni asilimia 40. Bahati mbaya kule matumizi makubwa ni ya viyoyozi, yanakuja kiangazi, wakati waya uko hoi. Msimu unawapa nafasi wasipoihitaji sana.

Namba kwa joto la saa hii

Marekani imelifanya hili kuwa sheria. Amri namba 881 ya tume yao ya nishati, FERC, ilitoka Desemba 2021 na kuwataka wenye laini kubwa wakokotoe kiwango cha kila saa kwa kufuata joto la hewa, kwa siku kumi zijazo, na kutofautisha mchana na usiku. Ukomo uliwekwa Julai 2025, ingawa waendeshaji kadhaa wa gridi waliomba kuongezewa muda. Hakuna kinachofungwa kwenye waya. Unahitaji utabiri wa joto, programu ya kukokotoa, na chumba cha udhibiti kinachokubali namba inayobadilika.

Ukisikia hivyo unaona imetuangukia. Matumizi makubwa ya Kenya na Tanzania ni ya saa moja hadi saa nne usiku, watu wamerudi, taa zimewaka, televisheni ziko hewani. Jua limezama, joto limeshuka. Jedwali linasema usiku wa nyuzi 25 laini ina 620 badala ya 480. Karibu asilimia 30, bure, saa ileile tunayoihitaji. Nani atakataa?

Soma tena mstari wa mwisho wa jedwali. Usiku uleule, upepo ukikatika, zinabaki 480. Njia hii inapima joto kwa makini na kuamini upepo kwa imani. Na upepo wa bara una tabia ya kulala jua likizama. Nimejaribu usiku wa nyuzi 30, ambao kwa Dar ya Februari si jambo geni: kanuni inakupa ampea 590 kwa kudhani mita 0.6 zipo. Zisipokuwepo, waya unaobeba 590 unapanda kupita nyuzi 100. Safari hii haitokei kwa nadra kama ile ya mchana, kwa sababu sasa mzigo mkubwa na shwari vina miadi ya saa moja usiku.

Sisemi njia hii ni mbaya. Nasema isinunuliwe kama ilivyo. Kabla ya kuipokea, pima upepo wa usiku kando ya laini kwa mwaka mmoja, kwenye urefu wa waya na kwenye mabonde, si uwanja wa ndege ambako kipima upepo kimewekwa mahali peupe kwa makusudi. Tumia vipima vya mawimbi ya sauti. Vile vya vikombe vinavyozunguka hukwama vyenyewe upepo ukiwa mdogo, na upepo mdogo ndio tunaoutafuta. Baada ya hapo, kama kumbukumbu zinasema pwani yako ina upepo wa bahari hadi saa tatu usiku, una haki ya kuchukua sehemu ya hizo asilimia 30. Kama bonde lako hulala saa kumi na mbili jioni, tumia upepo sifuri usiku na ukubali kwamba hujapata kitu zaidi ya usalama.

Kumuuliza waya mwenyewe

Njia ya nne inaacha kukisia. Kihisio kinafungwa kwenye waya au kwenye mnara, kinapima joto, mvuto, mtikisiko au umbali hadi ardhini, na kompyuta inarudi nyuma: kama mkondo ni huu na waya umelegea hivi, basi upepo unaopoza kweli ni huu, na uwezo wa sasa ni huu.

Mfano ninaoupenda ni laini ya kilovolti 132 kati ya Skegness na Boston, pwani ya mashariki ya Uingereza. Mitambo ya upepo ya baharini ilitaka kuunganishwa, na laini ya zamani ilionekana haitoshi. Waya wake ulikuwa Lynx, huyuhuyu wa jedwali letu. Wakaangalia kwamba upepo unaozungusha mitambo ndio pia unaopuliza laini: mzigo ukija, upozaji unakuja nao. Badala ya kujenga upya, waliweka mfumo wa kukokotoa kiwango kwa hali ya hewa ya wakati huohuo. Ubelgiji, Chuo Kikuu cha Liège kilizaa kihisio kinachosoma mtikisiko wa waya na kukadiria kulegea kwake, na mwendeshaji wa gridi, Elia, akakitumia kwenye laini zake. Pennsylvania, PPL Electric Utilities ilianza mwaka 2022 kupeleka namba hizo za wakati huohuo katika uendeshaji wa soko la PJM, mwendeshaji wa gridi ya eneo hilo.

Sasa bei yake isiyoandikwa kwenye vipeperushi. Laini ni dhaifu kama nafasi yake yenye joto zaidi. Kilomita 40 zinaweza kuwa na mashamba ya wazi, msitu, na korongo ambalo upepo haulijui. Kihisio kikiwa shambani, kinakusimulia habari njema za shambani. Unahitaji vihisio kadhaa, na mtu anayeijua laini kwa miguu ndiye wa kusema viwekwe wapi, si ramani. Pia, laini ikiwa na mzigo mdogo, chini ya theluthi hivi, waya haupishani sana na joto la hewa na hesabu ya kurudi nyuma inayumba. Yaani kifaa kinajua kidogo hasa pale unapotaka kujua utaweza kuongeza kiasi gani.

Kuna na swali la utabiri. Namba ya dakika hii inamsaidia mtu wa zamu mwenye dharura. Anayepanga mitambo ya kesho anahitaji namba ya kesho, na utabiri wa upepo mdogo ni mgumu kuliko wa joto. Kwa hiyo namba ya kesho lazima ikatwe, na faida inapungua. Atakayekuuzia mfumo kwa kukuonyesha faida ya wastani, mwombe akuonyeshe saa zile mia mbaya zaidi za mwaka, na ni mara ngapi ndani yake kiwango kilishuka chini ya ile namba ya zamani. Kwa sababu kitashuka. Hilo ndilo linalofanya kifaa kiwe na thamani ya usalama, na ndilo muuzaji hupenda kulipita haraka.

Kubadilisha waya

Nyaya za kisasa, zenye moyo wa nyuzinyuzi za kaboni au zenye alumini iliyolainishwa kiwandani juu ya chuma, zinakubali kufanya kazi kwenye nyuzi 180 au 200 na zaidi bila tumbo kushuka ovyo. Unabakiza minara ileile na mkuza uleule (ukanda wa ardhi unaopitiwa na laini), hulipi fidia mpya, na unaweza kukaribia maradufu ya uwezo. Faida moja husahaulika: waya wa nyuzi 180 haujali sana hali ya hewa. Tofauti kati yake na hewa ni kubwa mno hivi kwamba nyuzi 10 za ziada ni kama asilimia 4 tu ya uwezo. Umenunua ampea pamoja na kutabirika.

Unalipia kwa pesa nyingi mara moja, kwa laini kuzimwa wakati wa kazi, kwa mafundi wanaojua kukamata waya wa kaboni bila kuuvunja, na kwa upotevu, kwani mkondo mkubwa kwenye ukinzani uleule ni megawati zinazopasha anga. Kama uhitaji ni saa tatu za jioni kwa miezi minne, ni ghali. Kama mji umekua na laini imezidiwa kila siku hadi mchana, usipoteze miaka miwili ukijaribu vihisio.

Laini ambayo hakuna kati ya hizi itaisaidia

Hapa ndipo pesa nyingi zinaweza kupotea. Joto ndilo kikomo kwa laini fupi, za chini ya kilomita 80 hivi. Ikirefuka zaidi, msongo wa umeme (volti) unaanguka kabla waya haujapata moto. Ikipita kilomita 300, tatizo linakuwa uthabiti wa mitambo ya pande mbili kubaki kwenye mwendo mmoja. Laini ya namna hiyo inaweza kuwa na nafasi kubwa ya joto ambayo huwezi kuitumia.

Mtu akisikia habari ya Skegness, wa kwanza kumjia akilini atakuwa Turkana. Mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, mitambo 365, moja ya sehemu zenye upepo mkali Afrika, na laini ya kilovolti 400 inayotoka Loiyangalani hadi Suswa. Inaonekana ni mwanafunzi bora wa vihisio. Siyo. Laini hiyo ina zaidi ya kilomita 400 na ilijengwa kubwa kuliko mahitaji ya mitambo hiyo. Ukiipuliza, haitabeba zaidi, kwa kuwa joto si kifungo chake. Upepo mwingi pekee hautoshi. Unahitaji upepo, laini fupi, na kizuizi cha joto, vyote mahali pamoja. Vitafute kwenye laini za kilovolti 66 na 132 zinazoingia mijini au zinazounganisha mashamba ya upepo na jua yaliyo karibu na vituo.

Kabla ya yote, panga

Agosti 14, 2003, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikaa gizani. Moja ya laini za mwanzo kuanguka Ohio, Harding–Chamberlin ya kilovolti 345, iligusa mti ikiwa na chini ya nusu ya kiwango chake. Nyingine mbili zilizofuata, Hanna–Juniper na Star–South Canton, nazo zilikuwa bado ndani ya viwango vyao. Miti ilikuwa imeota juu kuliko hesabu. Mwezi uliofuata, usiku wa Septemba 28, laini ya Uswisi inayolisha Italia iligusa mti, na Italia karibu yote ikazimika.

Kwa hiyo kama bajeti yako ni ya mwaka mmoja na mkuza wako una mikorosho iliyopita mita nne, jibu la ulinganisho huu ni panga na gari la mafundi. Kiwango cha aina yoyote kinadhani nafasi chini ya waya ipo.

Mkuza ukiwa safi, mimi ningeenda hivi. Laini ndefu, iache na namba yake, peleka fedha kwenye vidhibiti vya msongo. Laini fupi isiyozidiwa, iache pia, ila irudie hesabu kwa upepo wa mahali pake badala ya ule wa kuazima. Laini fupi inayozidiwa jioni tu, pima upepo mwaka mzima kisha uchague kati ya namba ya kila saa na vihisio. Pwani yenye upepo wa bahari inaelekea ya kwanza, mabonde ya bara yanaelekea ya pili. Inayozidiwa kutwa, badili waya. Ya msimu waachie wenye misimu.

Na kabla hujatia saini chochote kati ya hivyo, tembelea vituo vya kupozea umeme vya ncha zote mbili. Soma vibao vya transfoma za kupimia mkondo, vya swichi za kutenga, na angalia vipande vifupi vya waya vinavyounganisha laini na kituo. Vimekaa ndani ya uzio, karibu na ukuta, ambako upepo haufiki. Kama kimojawapo kimeandikwa ampea 400, jedwali langu lote linaishia kwenye mstari huo.